Kidonge cha Jioni

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani, mtu ambaye filamu za kutisha humpa usingizi. Alikuwa akimlea kwa muda mbwa mzee aliyeokotwa na kituo cha wanyama. Alimwita Babu. Babu alikuwa na moyo mgonjwa, kikohozi kikavu na mguu wa nyuma aliouburuza. Kila saa kumi na mbili jioni alikuja mlangoni mwa chumba cha kushonea kudai kidonge chake, ambacho bila kufichwa ndani ya ini hakimezi ng'o.

Hatimaye mwalimu mmoja mstaafu, wa mji wa mbali, akakubali kumchukua moja kwa moja. Rafiki yangu alimkabidhi huku analia kama mtoto.

Kesho yake jioni, kwa mazoea tu, alijikuta ameshafunga kidonge kimoja kilichobaki ndani ya ini na kukiweka sakafuni kwenye kisahani. Papo hapo umeme ukakatika.

Kwenye korido akasikia kucha. Kucha, kucha, kucha, kisha mburuzo. Kikohozi kikavu. Halafu ulimi ukilamba kisahani, taratibu, hadi kikagonga ukuta.

Akampigia mwalimu simu.

"Shikamoo, mwalimu. Babu yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo, amelala miguuni pangu tangu mchana. Ila amekataa kidonge, na mdomo unamnuka ini bichi. Nami nyama haijaingia nyumba hii mwaka wa kumi sasa."