Alama ya Mwalimu Ambayo Stéphane Hakuituma

Gaëlle alibonyeza kutuma, akaiweka simu mezani, kisha akaichukua palepale.

"Bazazi bapenzi, trimestre ya mbele nitafundisha ku Kasomeno. Batoto batapata madame mwingine. Aksanti kwa yote."

Katika grupu la WhatsApp la wazazi wa darasa lake, pale mtaa wa Bel-Air, kila tangazo hujibiwa kwa alama ya mwalimu, 👩‍🏫. Maana yake wote waliijua: nimeona, nakubali. Mama Myriam ndiye aliyeianzisha, wengine wakazoea. Sasa zikamiminika, naye akazipitia akitafuta jina moja tu, la Stéphane, baba yake Benita.

Tangu afiwe na mkewe, Stéphane alikuja kumchukua mtoto mwenyewe. Alikuwa akisimama getini mwa shule akiuliza habari za dictée, yaani imla, hata siku isiyo na dictée. Kwenye grupu alikuwa wa kwanza kujibu, lakini neno la ziada hakulitamka hata siku moja. Na Gaëlle, tuseme ukweli, alimpenda mpaka akakonda. Uhamisho huo wa muhula ujao, huko Kasomeno mbali na mji, aliuomba mwenyewe, maana kungoja kulimchosha.

Kufika jioni wazazi wote walikuwa wamejibu, isipokuwa yeye. Kumbe hata kwaheri amenyimwa. Alikuwa analia huku akiosha sahani simu ilipoita.

— Madame Gaëlle, njo miye, papa ya Benita.

— Nakusikia.

— Bazazi bote balitia alama. Miye nimeshindwa.

— Juu ya nini?

— Kutia ni kusema nakubali uende. Sikubali.

Gaëlle akavuta kiti, akaketi, mikono ingali na povu.

— Mwaka muzima unanitumia ile alama tu. Nilikuwa nangoja neno.

— Niliogopa. Bantu bangesema papa ya mwanafunzi iko anasumbua madame.

— Na sasa hauogope?

— Kasomeno njo naogopa zaidi.

Gaëlle akacheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Akamwambia kazi ameshaikubali na ataenda, ila kama anamtaka kweli, baba mzazi wa Gaëlle, Léonard, atakuwa nyumbani Jumapili. Aje na wakubwa wake, asije peke yake.

— Mama yangu iko hapa, Gaëlle. Anasikia yote.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita bila "madame". Kabla hajajibu, sauti ya mama mtu mzima ikaingia kwenye simu:

— Mwanangu, papa yako anakunywaka nini? Jumapili tusikuye mikono mitupu.