Neno Alilopewa Bakhit

Watu wa mtaani kwetu Ruwi, hapa Maskati, wakikuhadithia habari za Nadra, huanzia kwenye kifo cha mumewe. Wanakosea. Habari yenyewe inaanzia jikoni, asubuhi ya Alkhamisi, mwaka elfu mbili na mbili, nyumba nzima inanukia iliki.

Nadra alikuwa anapika vitumbua. Mwanawe Mazoon, kitoto cha miaka saba, kakaa chini ya meza anamvisha mwanasesere kilemba. Mara akaingia Hatem, baba yake, miguu mitupu, uso umemjaa tabasamu la mtu anayetaka kitu.

"Mama Mazoon, nipe zile bangili."

"Zipi?"

"Za mahari."

"Unakwenda kuzivaa wewe?"

Hatem akacheka mpaka akaegemea friji. Alikuwa karani wa kiwanda kimoja kule Rusayl, na kila kitu kipya lazima akionje yeye kwanza. Kompyuta ya mwanzo mtaani kwetu ilikuwa yake. Siku hizo kaona kwenye intaneti watu wa Ulaya wanauza dhahabu. Unainunua, wanakuwekea wao, na wewe unabaki na neno la siri tu. Ukiliandika kwenye kompyuta, unaikuta dhahabu yako imekaa.

"Mwizi akiingia humu," akasema, "apekue makabati mpaka achoke. Hakuti kitu."

"Na wewe ukifa?"

"Astaghfirullahi! Ushanizika, mke wangu, na kitumbua sijala?"

"Mie nakuuliza. Kufa si kwa wazee tu."

Hapo Hatem akaacha mzaha. "Nimeshapanga," akasema. "Neno nimeliweka pahala haliozi, haliibiwi, halisahauliki. Likifika la kufika, mama yangu atakuelekeza."

Nadra akazitoa bangili zikauzwe, inunuliwe hiyo dhahabu ya Ulaya. Si kwa kupenda kompyuta, bali kwa sababu ya nyumba ya Mabela. Kule walikuwa na kiwanja na kuta, lakini kuta bila milango wala madirisha, upepo unapita utakavyo. Dhahabu ile ikipanda thamani, alisema Hatem, itatia milango. Na Nadra, aliyeolewa akaingizwa nyumba ya mama mkwe, alitamani mlango wake mwenyewe kama mwenye kiu anavyotamani maji.

Haukupita mwaka. Barabara ya Rusayl, mchana kweupe, hakuna mvua, hakuna vumbi. Gari ilitoka njiani peke yake. Walipomleta Hatem alikuwa kama kalala, uso hauna hata mkwaruzo.

Nadra akaingia eda. Kuvaa rangi hakuna, kujitia marashi hakuna, kutoka nje hakuna. Shemeji yake Murshid, mdogo wa marehemu, alikuja kuitazama ile kompyuta. Nadra akamsikiliza nyuma ya pazia, mama mkwe, Bibi Wadha, kakaa katikati yao na tasbihi yake.

"Inataka neno, shemeji," Murshid akasema.

"Tia jina la Mazoon."

"Nishatia. La mama pia, na lako. Inakataa. Na nimewaandikia wenyewe kule Ulaya, nikawaambia mwenye mali kafariki, kaacha mjane na yatima. Wamenijibu wao hawamjui marehemu wala mjane. Wanamjua mwenye neno."

Pazia likatikisika. "Mama," Nadra akasema, "Hatem alinambia wewe utanielekeza."

Bibi Wadha akaacha kuhesabu tasbihi. Alikuwa mwanamke mpole, mwembamba kama ufito, sauti yake hujawahi kuisikia ikipanda. Akangoja mpaka Murshid ameondoka. Kisha akasema, polepole, "Mwanangu, mimi hakunambia. Alimwambia yeye."

"Yeye nani?"

Bibi kizee akajigusa kifuani.

Hapo Nadra akaelewa.

Bibi Wadha alikuja Maskati kutoka Unguja zamani, na kama wengine walivyokuja na masanduku, yeye alikuja na ruhani wake, pepo wa ukoo. Bakhit ndilo jina lake. Kamrithi kwa mama yake, na mama yake kwa mamaye. Ruhani msafi, mpenda halua na marashi ya waridi, anayekunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, kwenye kikombe cheupe. Nyumbani jina hilo halitajwi. Lakini kila mwaka Hatem alimtia mamake garini akampeleka Qantab, kwa fundi wao wa pepo, Mahbuba, nyumba iliyojibanza chini ya jabali, ngoma isiwafikie majirani. Bakhit akimpanda kichwani, bibi kizee hajui lililosemwa wala aliyelisema. Yeye ni kiti tu. Anayekaa ni mwingine.

"Kwa nini amwambie huyo?" Nadra akanong'ona. "Kwa nini asinambie mimi?"

"Alisema watu hufa, na karatasi huungua. Huyu hatoki katika ukoo."

"Basi muite."

"Nadra, nimezeeka. Mara ya mwisho nusura anivunje mifupa."

"Muite, mama. Mie na mwanangu tutaishi na kuta tupu?"

Bibi Wadha akamtazama muda mrefu, kama anayeaga. Akasema, "Leta halua."

Walifanya baada ya sala ya adhuhuri. Mjuao Maskati mnajua saa hizo za Juni. Jua limesimama kichwani, barabara nyeupe, hata paka hapiti. Watu wote wamelala. Nadra akamfungia Mazoon chumba cha nyuma, akatia ufunguo mfukoni. Akaandaa chano: halua, waridi, kikombe cha kombe. Bibi Wadha akavaa nguo nyeupe, akajifukiza udi, akainamisha kichwa. Kiyoyozi kinanguruma. Halafu kikanyamaza, na taa bado inawaka.

Bibi akainua uso. Macho yale yale. Lakini aliyekuwa anatazama kupitia macho yale hakuwa mpole.

Akachovya vidole vitatu kwenye kikombe, akavilamba, kimoja kimoja.

"Umekuja kuchukua neno," akasema. Sauti ya kiume, kavu, Kiswahili cha watu waliokwisha zamani.

"Ndiyo, bwana."

"Ninalo."

"Nipe, bwana, kwa hisani yako. Mie mjane."

"Wewe si wa ukoo. Damu yako siijui." Akaegemea. Mgongo wa bibi kizee ukalia kama mbao. "Hatem aliniinamia hapa, kwenye sikio hili. Akanipa neno. Akanambia, Nikifa, mpe mwanangu."

Nadra akageukia mlango wa chumba cha nyuma.

"Mimi sina mkono wa kuandika," Bakhit akasema taratibu. "Sina barua ya kupeleka. Nikimpa mtu kitu, humpa kwa kukaa."

"Basi sitaki," Nadra akasema. "Kaa nalo. Kaa na dhahabu yote. Mtoto niachie."

"Si lako kukataa. Huo ni wasia."

"Ni mtoto!"

"Nami nangoja. Kiti hiki bado kinanibeba." Akamtazama yule bibi aliyemkalia, kama fundi anavyotazama mguu wa meza uliolegea. "Kidogo."

Kichwa kikaanguka mbele. Kiyoyozi kikaanza tena.

Nadra akakimbilia chumba cha nyuma. Akafungua. Mazoon kakaa kitandani, wima, mikono juu ya magoti.

"Mama, yule mgeni kaniamkia."

"Mgeni gani? Mlango nimeufunga."

"Kasema atakuja kukaa."

Nadra hakulala tena usingizi wa kweli. Asubuhi yake akamtoa mtoto nyumbani. Yeye mwenyewe hawezi, yumo edani, akampigia simu dadake Nasriya wa Mabela aje amchukue. "Usimrudishe," akamwambia. "Hata nikilia kwenye simu, usimrudishe." Shekhe akaja, akasoma nyuma ya pazia, akasoma kwenye maji, maji yakapelekwa Mabela kwa chupa. Shekhe akauliza mtoto ana nini. Mtoto hana kitu. Bado.

Akaitoa kompyuta kwenye umeme, akaifunika shuka.

Kisha akaanza kazi nyingine, ambayo majirani waliiona wakaisifu. "Mashallah, mkamwana kama huyu hayupo," walisema. Maana Nadra alimuuguza Bibi Wadha kama yai. Uji wa ngano asubuhi, supu ya kuku mchana. Akamkanda miguu kwa mafuta ya habasoda. Akamshika kwenda msalani na kurudi, akalala chini, kando ya kitanda chake. Bibi akikohoa, Nadra anasimama. Bibi akinyamaza, anasimama zaidi.

Bibi kizee alijua. Siku moja alimshika kidevu. "Maskini Nadra. Ulitaka kunihama."

"Nilitaka, mama."

"Na sasa?"

"Sasa nakuomba uishi."

"Nnajitahidi, mwanangu. Wallahi nnajitahidi."

Wakalia wote wawili, wakacheka, wakalia tena. Hakukuwa na la zaidi la kufanya.

Ikaja saa ile ile, baada ya adhuhuri. Barabara nyeupe. Mtaa umelala. Nadra anamkanda miguu. Miguu ilikuwa baridi.

"Nadra."

"Labeka, mama."

"Usiniache nife."

"Nimekushika."

"Nishike sana." Macho ya bibi yakageukia kifua chake mwenyewe. "Anainuka."

Nadra akamkumbatia. Akamkumbatia kwa mikono, kwa magoti, kwa uzito wake wote, kama mtu anavyokalia sanduku lisifunguke. Akasoma alichokijua. Akakosea, akaanza upya. Kitu kikapita katikati yao, chepesi, kina harufu ya waridi.

Kiyoyozi kikanyamaza.

Bibi Wadha hakupumua tena.

Simu ikalia. Nadra hakutaka kuishika. Ikalia, ikalia. Akaishika.

"Nadra," Nasriya alikuwa ananong'ona. "Huyu mtoto kaamka sasa hivi. Kakaa wima. Ananambia, Kiti kimevunjika. Kiti gani, Nadra? Hapa hakuna kitu kilichovunjika."

Nadra akayafumba macho ya bibi.

"Na anataka kombe. Nani kamfundisha kombe?"

Siku ya tatu ya matanga, Murshid aliingia chumba cha kompyuta kutafuta mikeka. Akatoka mbio, akasimama mbele ya pazia la Nadra.

"Shemeji, umelipata neno?"

"Sijapata."

"Kompyuta iko wazi. Dhahabu yako ipo yote. Umeandika nini?"

"Murshid, waya wake uko wapi?"

Murshid akarudi chumbani. Aliporejea, sauti ilikuwa si yake. "Waya uko chini, shemeji. Umekunjwa. Na vitufe vina rangi. Rangi ya manjano. Alama za vidole. Vidogo. Vya mtoto."

Mazoon alikuwa Mabela. Hajavuka kizingiti cha Ruwi tangu siku aliyochukuliwa.

"Tuihamishe dhahabu, shemeji?" Murshid akauliza. "Ikijifunga tena hatutaweza."

Nadra akaiwazia milango. Akaiona, ya mbao, ya kijani, ina komeo kubwa ndani. Akawaza, ukiishika mali hii umekubali bei yake. Wala hakujua kama kutokuishika kutamrudishia chochote.

"Zima," akasema.

"Shemeji—"

"Zima, nnakwambia! Mie sijauza."

Ikazimika. Nadra mwenyewe akaifunga kwenye kartoni, akazungushia utepe wa gundi mara nyingi mpaka kartoni ikawa kama maiti ndani ya sanda. Ikapelekwa Mabela, kwenye zile kuta tupu, chumba kilichokusudiwa kuwa cha mtoto.

Mazoon akarudishwa Ruwi, akakua. Kimya, msafi, hodari wa masomo. Hakumbuki chochote, au hasemi. Ila mchana akilala, hulala amekaa. Ila Nadra akifua mito huona doa la manjano, na sabuni hailiondoi. Walimpeleka kwa mashekhe, wakamsomea. Alisikiliza kwa adabu, kisha akawarekebisha walipokosea. Hata Qantab walikwenda. Fundi Mahbuba alimtazama mlangoni tu, akashusha macho, akamwambia Nadra, "Mwite bwana. Usimwite mtoto."

Mwaka elfu mbili na tisa, Murshid akaimalizia ile nyumba ya Mabela kwa pesa zake, milango na yote, akawaambia hamieni. Nadra akaenda mbele kusafisha. Mazoon, kigori sasa wa miaka kumi na nne, alibaki Ruwi kupanga vyombo. Asubuhi hiyo, akifunga sahani kwa magazeti, alimwuliza mamake bila kuinua macho:

"Mama, mie nikizaa mtoto mmoja tu, hatachoka kukaliwa peke yake?"

Nadra akajifanya hakusikia.

Kartoni ilikuwa pale pale, imelaliwa na vumbi la miaka. Utepe mzima, haujaguswa. Akataka kuitupa, lakini mikono ikataka kwanza kujua. Akakata kwa kisu. Akatoa shuka. Akakitoa kibodi.

Vitufe vilikuwa na alama. Si zile alizoziacha. Hizi ni za vidole virefu, vyembamba, vya msichana.

Akagusa kimoja kwa ncha ya kidole chake.

Zafarani ilikuwa bado mbichi.