Taarifa ya Siku Moja

Kamba ilikuwa ya mita hamsini na mti haukuzidi ishirini, lakini kamba ilikuwa bado inapanda. Mama Kamba aliitazama ikiteleza viganjani mwake, akadhani mumewe anajifunga mara mbilimbili huko juu kwa uoga wa uzee. Alicheka peke yake. Kisha akatazama miguuni, akaona umebaki mkunjo mmoja tu, na kicheko kikamkauka.

Jina hilo alipewa na wateja. Yeye na mumewe walijiajiri kukata miti, Fundi juu na msumeno wake wa mashine, mke chini na kamba. Mashine ikinguruma hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo walizungumza kwa kuvuta. Mara moja ni simama. Mara mbili, legeza. Mara tatu, nashuka. Miaka kumi na minne walikwenda hivyo, na Fundi alipenda kutania kwamba ndiyo siri ya ndoa yao, maana hakuna mke anayeweza kugomba kwa kamba.

Walikuwa na desturi moja ambayo wateja waliiona kichekesho. Siku moja kabla ya kukata, Fundi aliuzunguka mti, akaligonga shina mara tatu kwa mgongo wa shoka na kusema, "Kesho saa kama hii tunashusha. Mwenye makazi humu ahame." Marehemu baba yake alifanya hivyo, naye hakuwahi kuuliza kwa nini. Lakini mti huu ulikuwa mitaa miwili tu kutoka kwao, mwenye kiwanja alitaka kujenga ukuta upesi, na wao walikuwa wamemaliza kazi nyingine mapema. "Leo hii hii, fundi wangu, nifanyie hisani," mwenye kiwanja alisema. Fundi aligonga, akasema leo badala ya kesho, akapanda papo hapo.

Sasa msumeno ulinyamaza. Kamba ikavutwa mara tatu. Mama Kamba akaanza kumshusha, lakini hata mita tano hazijarudi, mtu akamgusa bega kwa nyuma. Alikuwa mumewe, ananukia mbao mbichi.

"Umeshukaje bila mkanda wa kupandia?"

"Umenasa juu," alisema kwa sauti ileile ya siku zote. "Na msumeno pia. Tuna mwingine nyumbani. Kesho nitauangusha mti wote kutokea chini."

Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa mgumu na baridi, haukubana wala haukulegea. Na katika kiganja kingine cha Mama Kamba, kile kilichobaki na kamba, kamba ikavutwa mara moja. Simama. Ikatulia, ikavutwa tena mara moja.

"Nani yuko juu?" aliuliza, na alijisikia ananong'ona.

"Upepo."

Majani yote yalikuwa yametulia. Alitaka kukimbia, ila mkono ule ulikuwa umeshaanza kutembea, naye akatembea nao.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili, sebule na jiko. Fundi hakukaa kitini. Alikunywa ndoo nzima ya maji akiwa wima, kisha akasimama katika mlango wa mbele, kila mkono umegusa upande mmoja wa fremu, akabaki hapo. Mama Kamba alijaribu mlango wa jikoni, akamkuta amesimama huko pia, ingawa hakumsikia akipiga hatua. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, alipotaka kwenda uani, Fundi alimpisha kwa heshima. Lakini mkewe hakumpisha.

"Mwanangu," mama mkwe alimnong'oneza jikoni, ameshika sufuria tupu kifuani, "yule hakohoi."

Vumbi la mbao lilikuwa limemharibu Fundi kifua, haipiti robo saa bila kukohoa, na sasa tangu jioni mpaka kulipopambazuka wanawake wale wawili walilala wamekumbatiana kwenye kitanda cha mama mkwe, wakisikiliza nyumba ambayo ndani yake hakukuwa na kikohozi, ila mlio mdogo wa kitu kinachokauka na kupasuka, mara ukutani, mara darini, mara chini ya kitanda chenyewe, na ile harufu ya utomvu ikizidi hadi wakahisi iko kooni mwao na kwamba wakifumbua vinywa haitatoka pumzi bali maji ya mti.

Asubuhi mama mkwe alipishwa tena, akarudi na mganga, mama mmoja wa makamo mwenye mkoba wa plastiki. Hakukubali kuingia. Alizungumza kupitia dirisha la jikoni, haraka haraka.

"Huyu siwezi kumtoa. Hakuvamia, alibomolewa. Mumeo alimvunjia nyumba bila kumpa siku yake, naye ameingia kwenu na kumwacha mumeo kule mtini. Mpe taarifa anayostahili, siku nzima. Ikitimia ataondoka na mumeo atashuka. Ila mti ule ukianguka kabla, mumeo hana tena pa kutokea."

"Na huyu akienda kuuangusha?"

"Basi asitoke."

Mama Kamba alimpigia simu mwenye kiwanja, akamwambia Fundi anaumwa, watakuja kesho kutwa. "Mimi nina haraka, mama," alijibiwa, "na mafundi hawajaisha." Simu ikakatwa.

Hakuwa na muda wa kumbembeleza. Alimwita yule mtu chumbani kwa sauti ya mke anayemwita mumewe, naye akaja kama mume yeyote. Dirisha la chumba lilikuwa na nondo. Alifunga mlango kwa ndani, akapitisha ufunguo kati ya nondo na kuuweka mkononi mwa mama mkwe aliyekuwa nje. Simu ilibaki sebuleni.

"Usifungue mpaka kesho saa mbili, mama. Hata ukisikia sauti yangu. Anaweza kuniiga."

Kisha akageuka. Alikunja ngumi na kumgonga yule mtu kifuani mara tatu. Kililia kama gogo linalogongwa.

"Kesho saa kama hii. Mwenye makazi humu ahame."

"Nimeipokea," alisema yule mtu.

Alisimama karibu na dirisha, uso kwenye jua, akigeuka nalo polepole. Mama Kamba alikaa sakafuni, mgongo mlangoni, akihesabu saa. Saa sita ikapita. Alianza kuamini. Aliwaza atakavyomvua mumewe mkanda, atakavyomgombeza kwa mdomo, siyo kwa kamba, na machozi yakamtoka kwa furaha.

Saa tisa simu ikalia sebuleni. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza. Kisha, kutoka mtaa wa pili, msumeno ukanguruma.

Alimtazama. Yule mtu hakuwa amejongea hata hatua.

"Mimi sijatoka humu," alisema kwa upole. "Mwenye kiwanja ana haraka."

"Mama!" Mama Kamba aliuparamia mlango. "Fungua! Wanakata! Fundi mwingine anaukata!"

"Uliniambia nisifungue," mama mkwe alijibu kutoka nje, akilia.

"Ni mimi kweli, mama, nakuomba!"

"Ndivyo ulivyosema atasema, mwanangu. Nimeziba masikio."

Alivuta kitasa, akapiga nondo kwa mtungi, akazivuta mpaka viganja vikachubuka, na msumeno uliendelea kunguruma bila haraka, ukipanda na kushuka kama anavyofanya fundi anayejua kazi, mpaka ukafika ile sauti nyembamba ambayo yeye aliijua kuliko mtu yeyote, ya shina lililobakiza kidogo, na alijikuta anavuta hewa kwa mikono miwili, mara moja, mara moja, mara moja.

Ardhi ikatikisika. Vioo vya dirisha vikalia, kisha kimya.

"Nini hicho?" mama mkwe aliuliza mlangoni. "Baba, mwanangu? Umesharudi? Ni wewe humo?"

"Ni mimi, mama," alijibu yule mtu. "Nimeshuka."

Mama Kamba alipiga kelele asifungue, alipiga kwa nguvu zake zote, lakini mama mkwe alikuwa ameambiwa asiiamini sauti yake, si ya mwanawe. Alicheka na kulia kwa pamoja huko nje, akipapasa tundu la kitasa, na ufunguo ukaingia.