Samaki wa Buluu na Mke wa Pili

"Inuka basi! Nakuomba, inuka!"

Msusi alikuwa amepiga magoti sebuleni, pua imegusa kioo. Ndani ya tangi, samaki wa mumewe, mdogo kama kidole gumba, wa buluu, mapezi marefu kama pazia, alikuwa amelala ubavu. Rangi imempauka.

Ujumbe ukaingia kwenye simu: "Nimemaliza kazi mapema. Nusu saa nipo hapo. Amekula?"

Mke wa kwanza wa fundi umeme huyu aliondoka nyumba hii hii kwa sababu ya samaki. Jioni moja mwanamke huyo alirudi kutoka kazini akamkuta anaelea, akaambiwa amemuua kwa uzembe, na mwanamke anayeshindwa na samaki atashindwa na nyumba. Ukoo mzima, wake na wa mumewe, ukaitikia, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Mama mkwe alimsimulia msusi kisa hicho wiki ya kwanza ya ndoa, akicheka, macho yake hayacheki.

Kwenye kopo la chakula cha samaki palikuwa na namba ya duka. Akapiga, mama mwenye duka akapokea.

"Mama, samaki wa mume wangu, wa buluu, wa mapezi marefu, anakufa!"

"Tulia, mwanangu. Umefanya nini?"

"Tangi lilikuwa na utelezi. Nikamwaga maji yote, nikaosha kila kitu kwa sabuni, na ile sponji ya chujio pia. Saluni ndivyo tunavyoosha mabeseni."

"Yeye si kichwa cha mteja! Kwenye ile sponji wanaishi vijidudu vinavyokula uchafu wake. Umevifagia vyote. Na maji umetoa wapi?"

"Bombani."

"Yana dawa, yanamuunguza. Hapo nyumbani hakuna maji yaliyolala?"

Yalikuwepo. Mumewe hakukosa ndoo ya maji yaliyolala siku nzima, dawa iishe. Uangalizi huo ndio uliomfanya msusi ampende, jamani. Enzi za uchumba alimwona akiweka kimfuko cha samaki kielee juu ya maji, akisubiri dakika ishirini ili joto lilingane, samaki asishtuke. Akajiambia, mtu anayemsubiri samaki hivi, mke atambeba mgongoni.

"Pasha kidogo, yawe vuguvugu tu," mama wa duka akaendelea. "Mhamishie kwenye beseni lisilo na sabuni. Wa aina hii huja juu kuvuta hewa. Akija, ana nafuu."

Msusi akafanya, simu imebanwa begani. Samaki akazama. Akakaa. Kisha akapanda polepole, akagusa uso wa maji kwa mdomo.

"Amevuta! Mama, amevuta!"

"Afadhali. Wa buluu hivyo nilimuuzia fundi umeme tu, wewe ndiye mkewe? Mwambie namsalimu. Yule wake wa kwanza aliniliza, alinifia mkononi."

"Nani alikufia?"

"Samaki. Mumeo alimleta kwenye kopo saa sita mchana. Nikamwambia huyu ni mzee, ana miaka mitatu, umemtunza vizuri mno. Akafia hapa hapa dukani. Akaomba nimfungie, akamzike."

"Lakini mkewe alimkuta anaelea tangini. Jioni."



"Tangini?" mama wa duka akanong'ona. "Mwanangu, nani alimrudisha maiti tangini?"

Ufunguo ukazunguka mlangoni. Msusi akakata simu.

Fundi aliingia, akaona tangi tupu, akaona beseni. Hakupaza sauti. Hawa wasiopaza sauti ndio wa kuogopwa.

"Nani kagusa tangi langu?"

"Mimi. Nilikosea. Amepona."

"Unajua aliyekutangulia aliondokaje?"

"Najua. Ndiyo maana nauliza." Akasimama mbele ya beseni. "Yule samaki alifia wapi?"

Fundi akaweka begi la vifaa chini na simu yake mezani, taratibu.

"Umeongea na nani?"

"Nijibu."

"Sasa ya zamani ya nini, mpenzi? Nilikuwa nakutaka wewe. Ningemwambiaje mtu asiye na kosa aondoke? Ilibidi kosa lipatikane." Akatabasamu, akamgusa shavu kwa kidole. "Nilifanya kwa ajili yako."

Mwaka jana tu maneno hayo yangemyeyusha. Leo aliurudisha uso nyuma. Akajiuliza, kosa lake yeye lingepatikana lini? Kwa ajili ya nani?

Simu ya fundi ilikuwa mezani. Akaichukua, akarudi kinyumenyume hadi nje mlangoni, akalitafuta jina la mke wa kwanza.

"Weka chini hiyo!"

"Ukinikaribia napiga kelele majirani watoke."

Ikaita. Sauti ya mwanamke, kavu:

"Unataka nini tena?"

"Si yeye, dada. Ni mimi, mke wake. Hukumuua yule samaki. Alikufa kwa uzee, dukani, mchana, wewe ukiwa kazini. Huyu alimrudisha mwenyewe tangini."

Upande wa pili kiti kikaburuzwa.

"Subiri. Usikate, mdogo wangu. Mama! Mama, njoo! Waite na wajomba!" Akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. "Haya. Rudia. Kwa sauti, wasikie wote."

Fundi alikuwa ameketi, uso ameufunika. Msusi alisimama mguu mmoja kizingitini, mwingine nje.

Akarudia.