Unaisi Aipanga Skrini Yake

Kila asubuhi Unaisi alichemsha magimbi, akawapa wajukuu chai, kisha akaenda kwenye ukumbi wa kanisa. Humo ndimo ilimokuwa kompyuta ya kijiji cha Nakorowai. Unaisi alikuwa katibu wa umoja wa wanawake. Barua pepe zote za umoja alizisoma yeye.

Mwezi huo kulikuwa na jambo zito. Kampuni moja ilitaka kuchimba mchanga kwenye mlango wa mto. Hapo ndipo wanawake walipookota kaa na kome. Wanawake walikataa. Waliiandikia ofisi ya wilaya kuomba wasikilizwe. Sasa walisubiri jibu.

Lakini asubuhi hiyo programu ya barua pepe ilikuwa imebadilika. Toleo jipya lilikuwa limejiweka lenyewe. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa. Orodha ya folda iliyokaa kushoto haikuwapo. Kitufe cha kujibu nacho hakikuonekana.

Apakuki, shemeji yake, alisimama mlangoni. Yeye alitaka kampuni ije, wala hakuficha.

"Shemeji, mashine imekukataa," alisema akicheka. "Nipe nywila mimi. Wewe kasuke mikeka."

"Mikeka nasuka, na barua nasoma. Nywila huipati ng'o!"

"Unasoma nini, na hata kujibu huwezi?"

"Nitaweza. Kama una joto, mto ule pale, kaoge."

Apakuki akasonya, akaenda zake. Unaisi akaigeukia skrini tena. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwama. Akampigia simu Shobna, jirani yake, aliyekuwa karani wa shule kabla ya kustaafu. Shobna akaja na miwani kichwani na chapati ya roti mkononi.

"Imemeza barua zetu," Unaisi alisema.

"Haijameza kitu, dada. Imeficha tu. Programu hii inapangika kama jiko lako. Sufuria unaziweka unapotaka wewe, au anapotaka muuza sufuria?"

"Nikigusa vibaya, si nitaiharibu?"

"Kupanga skrini hakufuti barua. Ukikosea, unarudisha. Haya, shika kipanya. Mimi nakula roti yangu."

Unaisi alifungua menyu ya "Mwonekano". Shobna alimweleza kwamba skrini ina sehemu tatu: folda, orodha ya barua, na mahali pa kusomea barua yenyewe. Kila sehemu huweza kufungwa au kufunguliwa. Unaisi akaweka alama ya vema mbele ya neno "Folda". Papo hapo folda zikarudi upande wa kushoto.

"Kumbe!" alisema. Akakuza herufi mpaka yeye mwenyewe akavua miwani yake.

"Sasa bofya ule mstari wa vitufe kwa kitufe cha kulia cha kipanya," Shobna alisema. "Chagua 'Rekebisha'."

Vitufe vyote vilivyofichwa vikatokea, Unaisi akakivuta kitufe cha "Jibu" mpaka mwanzo wa mstari. "Na hiki ni cha nini?"

"Umewahi kukitumia?"

"Sijawahi."

"Basi kinakaa hapo kwa ruhusa ya nani? Kitoe!"

Unaisi akakitoa. Akatoa na kingine, na kingine tena, kama anayeng'oa magugu.

Ndipo alipoona folda ya "Barua taka" ina herufi nzito. Ndani yake kulikuwa na barua mpya.

"Angalia kwanza imetoka wapi," Shobna alionya. "Barua za matapeli nazo hukaa humo."

Unaisi aliisoma anwani herufi kwa herufi. Ilikuwa ileile ya ofisi ya wilaya. Akaifungua. Kikao ni kesho! Umoja utume jina la msemaji leo kabla ya saa sita mchana, la sivyo kikao kitaendelea bila wao.

"Sogea niandike mimi, nina mkono mwepesi," Shobna alisema.

"Thubutu!"

Unaisi akabofya "Si taka", na barua ikahamia kwenye kisanduku kikuu. Kisha akabofya "Jibu". Akaandika kwa kidole kimoja: "Tutakuja. Msemaji ni mimi, Unaisi, katibu." Akatuma. Akatazama folda ya "Zilizotumwa" kuhakikisha imekwenda. Baadaye akatengeneza folda mpya, akaiita "Mto". Shobna akamwonyesha jinsi ya kuiagiza programu iweke humo kila barua ya ofisi ile.

Kesho yake wanawake walijaa kikaoni. Unaisi alisimama, akasema bila kumung'unya maneno: "Mchanga ule ni shamba letu. Njooni mwone, kisha mtuambie tutakula nini."

Maofisa walikuja maji yalipokupwa. Waliona kaa wadogo wakitambaa kila mahali. Kampuni ikanyimwa kibali, na jibu likaingia lenyewe kwenye folda ya "Mto".

Apakuki alikuja ukumbini kulisoma. "Herufi gani hizi, shemeji? Kubwa kama za ubao wa tangazo!"

"Zimepangwa kwa macho yangu. Ukitaka kusoma, simama mbali."

Wiki iliyofuata ikaja barua kutoka kwa wanawake wa kijiji cha juu ya mto. Kampuni ileile ilikuwa imebisha hodi kwao. Waliuliza wafanye nini.

Unaisi akajibu: "Njooni kesho niwafundishe kuiandikia ofisi na kupanga skrini yenu. Na nywila yenu msimpe mtu."