Kisiki cha Njia Panda

Mama yangu, Fabiola, alikuwa hodari wa kuchoma arepa, mikate yetu ya mahindi. Majirani wakisikia harufu, walijileta wenyewe. Alipofika miaka arobaini na tano, akaanza kuzisahau jikoni mpaka zinaungua. Kisha akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki.

"Ni bobera," alisema Mjomba Gildardo, kaka yake.

Kwetu milimani Antioquia, bobera maana yake upumbavu. Bibi aliipata, na mama yake pia. Watu husema ukoo wetu uligusa mti uliolaaniwa, ule wa njia panda. Basi Mjomba akanoa panga, akaukata. Alirudi ametota jasho, kajaa majivuno.

"Nimemaliza kazi, dada. Sasa utapona."

Kesho yake Mama akamwuliza kama maziwa yake ni ya leo. Alimdhani muuza maziwa. Mjomba akalia mbele yetu sote.

Wiki hiyo akaja Amparo, muuguzi anayetembelea familia kama yetu, akiomba kutupima damu. Mjomba akamkalia kooni.

"Damu yetu unaitakia nini? Ukaiuze?"

"Damu ya mtu mkali hivi nani atainunua?" Amparo akacheka, akaketi. "Kaka, umeuonea mti bure. Huu ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Alzaima. Kwenu unarithiwa. Mzazi akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Protini mbaya hujikusanya ubongoni miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau."

"Dawa ipo?" niliuliza.

"Ya kuponya, bado. Zile za zamani hutuliza dalili tu. Sasa watafiti wanajaribu dawa za kuondoa protini yenyewe, ili ugonjwa upunguze mwendo. Kati ya watakaojiunga, wengine watapewa dawa, wengine maji yasiyo na dawa, na hamtaambiwa nani kapewa nini. Dawa hizi zinaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, kwa hiyo mama yako akijiunga atapimwa mara kwa mara. Akitaka kuacha, anaacha."

Mama, tuliyedhani hasikii, akasema, "Kumbe mimi si mpumbavu. Ni mgonjwa. Nipelekeni."

Tukampeleka mjini Medellín, kwa watafiti hao. Neno bobera tukalipiga marufuku nyumbani. Mjomba naye alitoa damu, huku amefumba macho.

Huu ni mwaka wa pili. Hatujui kama Mama anapata dawa au maji. Bado anachoma arepa, mimi nikisimama karibu na moto. Namshukuru Amparo kwa kutwambia ukweli. Namshukuru Mama zaidi, kwa sababu mkono anaoutoa uchomwe sindano anautoa kwa ajili yangu na wanangu.

Jana tulisubiri basi njia panda. Mama akaketi juu ya kisiki cha ule mti, akajinyoosha.

"Gildardo," alisema, "asante kwa kiti."

Mjomba akageuka pembeni kufuta macho. Alikuwa amemwita kwa jina lake.