Mwenzangu Alimfanya Bibi Yangu Kuwa Wake, Akaenda Ulaya

Nina miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na niko mwaka wa mwisho chuo kikuu. Ninayoandika hapa hata mama yangu sijamwambia yote... Mnivumilie, maana hasira yangu bado mbichi.

Mwaka jana chuoni kwetu ilitangazwa nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Ulaya. Moja tu! Tena ya wanafunzi wa mwaka wa pili peke yao, kwa hiyo ukikosa, ndiyo umekosa. Kila mwombaji alitakiwa aandike barua kuhusu jambo la kwao analotaka kulichunguza, kisha aitwe kwenye usaili.

Mimi nilikuwa na langu. Bibi yangu ndiye mwanamke pekee kwenye kamati ya mfereji wetu, ule unaoshusha maji ya mlimani hadi kwenye migomba. Yeye ndiye anayepanga zamu. Akisema leo maji ni ya fulani, hata wanaume wenye vyeo mjini wanaweka majembe chini na kungoja.

Nikamsimulia Doreen. Hilo si jina lake, ingawa hastahili kufichiwa. Tulikuwa tunalala chumba kimoja hosteli. Kwao ni Olasiti, Arusha mjini, na Kiingereza kinamtoka bila kufikiri. Aliponiambia hajui aandike nini, nilimhurumia. Jamani, mimi huyu! Nilimhurumia mtu aliyekuwa ananipima.

Akaomba twende wote nyumbani mwisho wa wiki. Bibi akampikia loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, akamtembeza mferejini, akamjibu kila swali. Nani anafungua maji, jua likizidi zamu zinapunguzwaje, wanaogombana wanapatanishwa vipi... Doreen alirekodi yote kwenye simu na kupiga picha. Mimi nilikaa pembeni nachekelea, eti rafiki yangu ameipenda familia yetu. Na tuliporudi nikampa barua yangu anirekebishie Kiingereza. Mjinga wa kutupwa!

Siku ya usaili yeye aliingia asubuhi, mimi mchana. Walikuwa watu watatu mezani. Nilipomtaja bibi na mfereji, wakatazamana. Mwalimu aliyekaa katikati akaniambia taratibu, "Binti, mwenzako ametueleza asubuhi kwamba huyu ni bibi yake. Picha tumeziona. Wewe una picha?"

Sikuwa nayo hata moja. Nani humpiga picha bibi yake akizibua mfereji? Kwetu hilo ni jambo la kila siku.

Wakaniuliza kama nina la kusema juu ya mwenzangu. Hapo ndipo nilipojimaliza. Nimelelewa kwamba humsemi mtu mbele ya wakubwa naye hayupo. Hata kesi ya maji, bibi haisikilizi mpaka pande zote mbili ziwepo. Nikanyamaza, machozi yananitoka. Wao wakaona aibu ya mwizi aliyenaswa.

Doreen akapata nafasi. Siku ya kuondoka alinikumbatia, akaniambia Mungu ana mpango na mimi. Uso mkavu!

Miezi miwili baadaye akanipigia. Nikadhani anaomba msamaha... Wapi! Alitaka nikamuulize bibi jambo. Profesa wake huko amemuuliza, maji yakikatika katikati ya zamu ya mtu, huyo mtu anafidiwaje? Aliuliza kwa sauti ya bosi anayemtuma karani faili.

"Muulize bibi yako," nikamwambia, nikakata simu.

Raha ya jibu hilo ilidumu dakika tano. Nafasi yangu haikurudi, na wale watu watatu bado tunapishana chuoni, nami najua wananionaje. Bibi kila nikienda anauliza yule binti mchangamfu anakuja lini tena. Nimjibu nini?

Wadogo zangu mlioko vyuoni, nawasihi. Ukiandika la kwenu, lipeleke mwenyewe, hata kama Kiingereza chako kinachechemea. Na ukiulizwa kuhusu aliyekuibia, sema pale pale, awepo asiwepo. Mimi nililinda heshima ya mtu ambaye hayupo, naye ndiye aliyepanda ndege.